Baada ya Bunduki Kunyamaza: Kuisoma Upya Tamthilia ya Kinjeketile

Vijana wa usharika wetu, hapa pwani ya Lindi, waliniomba ruhusa ya kuigiza tamthilia ya Kinjeketile katika uwanja wa kanisa Jumapili moja alasiri. Niliwakubalia upesi. Mimi mwenyewe niliisoma nikiwa mwanafunzi wa sekondari huko Njombe, nikairudia chuo cha theolojia, nami nilidhani naijua. Walicheza vizuri. Majirani zetu Waislamu walikuja wengi kuliko watu wanaofika ibadani, wakatandika mikeka chini ya mwembe, watoto wakapanda juu ya ukuta. Mchezo ulipokwisha watu walipiga makofi, na nikasimama kuomba ili tutawanyike.

Ndipo bibi mmoja wa Kimatumbi, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa waigizaji, akanivuta mkono wa kanzu. "Mchungaji," akasema, "wajukuu zangu wamecheza vizuri. Lakini mbona mmeishia pale gerezani? Bibi yangu alisema watu walianza kufa hasa baada ya bunduki kunyamaza." Nikamwuliza walikufa kwa nini. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. "Kwa njaa. Walichimba ming'oko mpaka msitu ukaisha."

Makala haya ni jitihada ya kulijibu swali lile. Nataka kuipima tamthilia hii tunayoipenda: imetusaidia kukumbuka nini, na imeacha nini? Tena nataka kuuliza Kanisa lifanye nini na kile kilichoachwa, maana maangamizi ya watu si habari za mbali. Yalitokea hapa, katika ardhi tunayolima ufuta na mihogo.

Kile ambacho tamthilia imetupa

Ebrahim Hussein aliichapisha Kinjeketile mwaka 1969, miaka minane tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Alichukua habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyesemekana kuchukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini na kutoka akiwa mkavu, akaanza kuwagawia watu dawa ya maji iliyodaiwa kugeuza risasi kuwa maji. Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, huko Nandete, watu waliokuwa wamechoshwa na kodi, viboko na mashamba ya pamba ya kulazimishwa waling'oa miche ya pamba. Hiyo ilikuwa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Lakini moto ulikuwa umekwisha kushika, ukaenea Liwale, Lukuledi, Mahenge, Ungoni na Ubena.

Mwandishi mwenyewe anatuonya katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe cha fikra zake, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Onyo hilo ni la haki, na mhakiki asimlaumu kwa kila jambo lisilolingana na kumbukumbu za wazee.

Zawadi ya kwanza ya tamthilia hii ni heshima. Ili kuona uzito wake, linganisha na utenzi wa Vita vya Maji Maji alioutunga Abdul Karim bin Jamaliddini wa hapa Lindi, mtu wa zama zilezile. Utenzi ule ni hazina, nao unastahili kusomwa katika kila shule ya mkoa huu. Lakini unaitazama vita kwa jicho la mtu wa mjini: wapiganaji wa bara wanaonekana kama watu waliopumbazwa na uganga wakajiletea balaa. Hussein aliwageuzia uso watu walewale akawaona kuwa watu wenye hoja. Wanabishana, wanaogopana, wanatiliana shaka kabila kwa kabila, kisha wanakubaliana. Aliyelelewa akiambiwa kwamba babu zake walikuwa wajinga tu, anatoka katika mchezo huu ameinua kichwa.

Zawadi ya pili ni fundisho juu ya neno. Kinjeketile analeta neno, kisha neno linamshinda. Linakua, linatembea, linawabeba watu kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe anasita kwenda. Anagundua kuwa ndani ya ujumbe wa Hongo kuna jambo linalopingana na uhuru walioutamani, lakini watu hawamsikilizi tena yeye, wanalisikiliza neno. Kila mhubiri angepaswa kuisoma sehemu hiyo akiwa amepiga magoti. Nitairudia mbele.

Mahali pazia lilipofungwa

Sasa nirudi kwa bibi yule. Tamthilia inafunguka kwa mazungumzo ya wanawake juu ya uhaba na taabu ya nyumbani. Basi njaa ipo tangu ukurasa wa kwanza, nayo iko mdomoni mwa wanawake. Lakini kadiri mchezo unavyokwenda, wanawake wanasogezwa pembeni, wanaume wanajadili vita, na mwisho tunabaki gerezani na wanaume wawili, Kinjeketile na Kitunda, wakishindana juu ya maana ya yote yaliyotokea. Wanawake wa mwanzo wako wapi? Wamekula nini?

Historia inajibu. Wajerumani walipoona kwamba hawawezi kuwakamata wapiganaji msituni, walibadili silaha. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana wake, Gustav Adolf von Götzen, mnamo Oktoba 1905 akishauri kwamba njaa na ufukara tu ndivyo vingeleta utii wa kweli, na kwamba mapigano peke yake hayatatosha. Ndivyo ilivyofanyika. Vikosi vilikwenda kijiji hadi kijiji vikichoma nyumba, vikimwaga na kuteketeza vihenge vya mtama na mahindi, vikichukua mifugo, vikiwazuia watu kupanda mbegu msimu wa mvua ulipofika. Njaa haikuwa bahati mbaya iliyofuata vita. Njaa ndiyo ilikuwa vita yenyewe katika sehemu yake ya pili, ndefu zaidi, na ilipiganwa dhidi ya watoto, wajawazito na wazee.

Tazama hesabu. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, pamoja na askari na wasaidizi Waafrika wasiofika 400. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikubali kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyezunguka Umatumbi na Kilwa akiwahoji wazee katika miaka ya 1960, alikadiria kuwa waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Nchi nzima ilibaki tupu. Mashamba yakageuka msitu, mbung'o wakaingia, tembo wakaingia. Sehemu kubwa ya nyika ambayo leo wageni wanaipiga picha ndani ya hifadhi ya Selous na ya Nyerere, wakidhani haijawahi kukanyagwa na jembe, ilikuwa na vijiji.

Hayo yote yako nje ya jukwaa. Sisemi kwamba Hussein alificha. Tanzi ya mchezo wake ni ya mtu mmoja na neno lake, na mchezo wa namna hiyo humalizika mtu huyo anapomalizika. Taifa changa la 1969 lilihitaji mfano wa umoja, naye akalipa. Lakini sisi tulioupokea mchezo ule tumeufanya kuwa kumbukumbu yote, tukaridhika. Mtoto wa shule hapa Lindi ukimwuliza Maji Maji ni nini, atakutajia Kinjeketile, maji na risasi. Hatakutajia njaa. Na kumbukumbu ya shujaa isiyo na kumbukumbu ya njaa ina hatari yake: inatufundisha kupenda vita na kutotambua maangamizi yanapokuja bila bunduki.

Je, tuyaite mauaji ya kimbari?

Msomaji atauliza kama ni halali kutumia jina hilo. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1944 na mwanasheria Raphael Lemkin, na Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wake tarehe 9 Desemba 1948. Mkataba ule hauzungumzii risasi na mapanga tu. Unataja pia kuliwekea kundi la watu, kwa makusudi, hali ya maisha itakayoliangamiza lote au sehemu yake. Wanahistoria hawajakubaliana juu ya Maji Maji. Wapo wanaosema nia ya Wajerumani ilikuwa kutiisha, si kufuta kabila. Wapo wanaosema mtu anayechoma chakula na mbegu za watu akijua watakufa hawezi kujificha nyuma ya neno kutiisha. Kwa mauaji ya Waherero na Wanama huko Namibia, yaliyofanyika miaka ileile, Ujerumani ilitamka Mei 2021 kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Kwetu, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye makaburi ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya.

Ubishi huo wa jina nawaachia wenye taaluma yake. Kwa Mkristo wa Kilutheri kuna kipimo kingine, tena cha zamani zaidi. Katika Katekismo Kubwa, akieleza amri ya tano, Luther anafundisha kwamba unayemwacha mwenye njaa afe hali ungeweza kumlisha, umemwua wewe. Kama kuacha tu ni kuua, tuseme nini juu ya kukichoma chakula? Amri ya tano imekwisha kutoa hukumu kabla mahakama haijakaa.

Mikono ya nani?

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo tamthilia inaligusa kwa mbali tu. Waliochoma vihenge hawakuwa Wajerumani peke yao. Maofisa walikuwa wachache. Askari wao walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na watu wa pwani. Wasaidizi wao, rugaruga, waliokotwa njiani. Maakida waliosimamia pamba Umatumbi walikuwa watu wa pwani waliozungumza Kiswahili kizuri kuliko changu.

Kwa nini iliwezekana? Sababu moja ni kwamba dharau ilitangulia. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa katika karne ya 19, na kwa miaka mingi watu wa bara waliletwa pale kwa minyororo. Ili kumwuza mtu lazima kwanza umpe jina linalomfanya auzike. Jina hilo lilikuwapo: mshenzi. Mwungwana alikuwa mtu, mshenzi alikuwa karibu na mtu. Wajerumani walipofika na pamba na viboko, walikuta ngazi imekwisha kujengwa, wao wakapanda tu hadi juu.

Na Kanisa je? Tusijivike kanzu nyeupe. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa njiani wakielekea Liwale. Misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Tunawalilia hao pia. Hawakubeba bunduki ya serikali, na chuki iliyowaua ilikuwa chuki. Lakini mimi ni mtu wa Ubena. Misheni yetu ya Kilutheri ya Yakobi ilishambuliwa Septemba 1905, na habari hiyo nilisimuliwa utotoni kama habari ya Mungu kuwaokoa watu wake. Nilikuwa mtu mzima nilipojiuliza kwa mara ya kwanza: wale waliotushambulia walirudi kwenye vihenge gani? Nani aliwaombea? Tulikuwa na kumbukumbu, ila ilikuwa ya upande mmoja wa ukuta wa misheni.

Tena sisi tunaobeba jina la Luther tuna deni jingine. Luther huyohuyo wa Katekismo aliandika mwaka 1543 kitabu kibaya dhidi ya Wayahudi, na karne nne baadaye wafuasi wa Hitler walikitumia kuhalalisha uovu uliowaua Wayahudi milioni sita. Makanisa ya Kilutheri duniani yameyakataa maneno yale hadharani, na yamefanya vema. Lakini maneno hayarudi kinywani. Yalizaliwa, yakatembea.

Neno likishazaliwa

Hivyo tumerudi kwenye zawadi ya pili ya Hussein. Mwisho wa tamthilia, Kinjeketile anatakiwa akane, aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anaona kwamba akikana, watoto wa kesho wataambiwa kuwa hata madai ya baba zao yalikuwa uongo. Kwa miaka mingi nilivutiwa na ukaidi ule. Leo, nikiwa mchungaji, unanisumbua.

Ninaelewa hofu yake. Mkoloni angelichukua neno moja la kukana akalizikia haki yote. Lakini je, njia ni mbili tu, kuutunza uongo au kuizika haki? Nadhani upo mlango wa tatu, ambao tamthilia haikuufungua: kusema kweli mbili kwa pamoja. Maji hayakuzuia risasi, na wengi walikufa kwa kuyaamini. Tena madai ya watu wale yalikuwa ya haki, na damu yao inalia kutoka katika ardhi kama ile ya Habili. Kumbukumbu inayoogopa kweli ya kwanza inazaa manabii wengine wa maji. Kumbukumbu inayoogopa kweli ya pili inazaa maakida. Kanisa, linaloungama dhambi na kutangaza msamaha katika ibada ileile moja, lingepaswa kuwa na kifua cha kubeba zote mbili.

Sheria ya neno anayotufundisha Hussein hufanya kazi hata kwa neno la chuki. Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, siku baada ya siku, mpaka jirani akamwona jirani kuwa mdudu wa kukanyagwa. Kwa muda wa siku kama 100 waliuawa watu wapatao 800,000, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani hata mchungaji. Msomaji asiseme kwamba hayo ni ya Rwanda.

Kwa maana niungame jambo. Miezi michache kabla ya vijana kuigiza, tulikuwa katika kikao cha wazee wa kanisa. Ng'ombe walikuwa wameingia usiku katika shamba la ufuta la mzee wetu mmoja wakalimaliza. Tangu mwaka 2006, wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu na wengi kuja huku kusini, migogoro ya namna hii imetokea mara nyingi Kilwa na Lindi, na damu imemwagika pande zote mbili. Mzee alikuwa na uchungu wa haki. Ufuta ule ulikuwa ada ya shule. Lakini katika uchungu wake akasema, "Hawa Mang'ati si watu." Wengine wakacheka, mmoja akasema wangechomewa tu maboma yao waone. Mimi mwenyekiti nilitazama saa, nikasema tuendelee na ajenda.

Mang'ati si jina lao. Wao ni Wadatoga, Wabarabaig. Mang'ati ni neno la Kimaasai, maana yake adui. Tumekubali kuwaita jirani zetu "adui" kila siku, sokoni na kanisani, bila hata kujua tunachosema. Nao vijana wao nimewasikia wakitaja wenyeji wa huku kwa majina ambayo sitayaandika. Kuchoma maboma: neno hilo lilitamkwa katika kikao cha Kanisa, umbali usio mkubwa kutoka milima ambako vihenge vilichomwa mwaka 1905, na wajukuu wa walionusurika walikuwa wamekaa pale mezani. Hatukukumbuka, kwa sababu tulichofundishwa kukumbuka ni shujaa. Laiti tungekumbuka kihenge.

Rispa juu ya mwamba

Kuna habari katika 2 Samweli 21 ambayo hatuihubiri mara nyingi. Kwa miaka mitatu kulikuwa na njaa katika nchi, na Bwana akamwambia Daudi kwamba sababu ni damu: Sauli, katika bidii yake kwa taifa lake, alikuwa ametaka kuwaangamiza Wagibeoni, wageni waliokuwa wameahidiwa usalama kwa kiapo. Ni jaribio la kufuta kabila, ndani ya Maandiko, lililofanywa na mfalme aliyetiwa mafuta, nalo lilikuwa limesahauliwa mpaka ardhi yenyewe ikakataa. Daudi akawatoa wana saba wa nyumba ya Sauli wanyongwe. Malipo hayo yananitisha, wala simwoni Mungu akiyaagiza katika sura ile. Ni watu waliopatana hivyo.

Kisha anaingia mwanamke. Rispa binti Aya, ambaye wanawe wawili walikuwa miongoni mwa walionyongwa, anatandika gunia juu ya mwamba, na tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha anawafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Anawalinda wote saba, na waliotoka tumboni mwake ni wawili tu. Hasemi neno hata moja. Mfalme anaposikia alilofanya, ndipo anakwenda kuikusanya mifupa, ya hawa na ya Sauli na Yonathani pia, na kuizika kwa heshima. Sura inasema baada ya hapo Mungu aliiridhia nchi. Baada ya mazishi, si baada ya kunyongwa.

Huyo ndiye mhusika aliyekosekana katika tamthilia yetu, na bibi wa Kimatumbi alikuwa amekuja kumtafuta. Pwani hii ina miti ya kunyongea inayokumbukwa. Kilwa Kivinje, ambako Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895, wenyeji bado wanataja Mwembe Kinyonga. Nandete pana mnara. Songea ina makumbusho na siku yake, tarehe 27 Februari. Lakini waliokufa porini wakichimba mizizi hawana mti wala mnara. Hakuna aliyewafukuzia ndege.

Tufanye nini

Simwombi Ebrahim Hussein aandike sehemu nyingine. Tamthilia ibaki ilivyo, vijana waendelee kuicheza, nami nitawapa uwanja tena. Naomba Kanisa lifanye kazi inayoanza pazia likifungwa.

Tuna sikukuu ya mavuno. Kila mwaka washarika wanaleta madhabahuni mihogo, mtama, nazi, korosho, ufuta, hata kuku wanaolia katikati ya mahubiri. Nimependekeza kwa baraza letu la wazee kwamba kabla ya kubariki vyakula hivyo tusimame kimya, kisha msomaji ataje majina ya mahali: Nandete, Kibata, Ngarambe, Mohoro, Liwale, Lukuledi, Nyangao, Yakobi. Majina ya watu hatunayo, ila mahali tunapajua. Nimependekeza tuwaalike majirani Waislamu, maana waliokufa wengi ni wa kwao, na familia za wafugaji walio karibu nasi, ambao baadhi yao ni Wakristo wasiothubutu kuja ibadani kwa kuogopa macho yetu. Na chakula kile, badala ya kunadiwa chote kwa ajili ya mfuko wa jengo, sehemu yake iliwe palepale, sinia moja kwa wote.

Nilipotoa pendekezo hilo nilianza kwa kuwaomba wazee radhi kwa siku ile niliyotazama saa. Mzee mwenye ufuta alikaa kimya muda mrefu. Akasema bado hajalipwa shamba lake, na ni kweli, hajalipwa; dai lake liko kwa mtendaji wa kijiji na ninamsindikiza kulifuatilia, kwa kuwa haki yake haifutwi na wito wa upendo. Kisha akauliza kama hao wafugaji wakija wataleta maziwa au watakuja mikono mitupu. Watu wakacheka, safari hii kicheko cha namna nyingine.

Bibi wa Kimatumbi nimemwomba aje siku hiyo awaeleze watoto jinsi ming'oko inavyochimbwa, na ilikuwaje ikaisha msituni. Amekubali, kwa sharti kwamba asipewe kipaza sauti.